Turubai la Matanga ya Bi Mwanawetu Aliye Hai

Risala ya Kikundi cha Wanawake cha Bado Tupo, Kisenyi, kwa Mheshimiwa Diwani Nasser

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Nasser. Wazee wa mtaa. Bwana Fadhul, msimamizi wa maturubai. Akina mama wenzetu mliotoka Kasubi na Kalerwe. Na nyinyi wapita njia mlioketi kule nyuma kwa kuwa mmeona turubai mkadhani pana msiba: amani iwe kwenu nyote. Msiba hakuna. Chakula kipo ila hakijaiva, basi tulieni.

KARIBU

Sisi wanachama wa Bado Tupo, tunaoishi na saratani ya matiti pamoja na wanaotuuguza, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umeacha mikutano ya kampeni ili uje kwetu. Umeketi chini ya picha yako mwenyewe, iliyochapwa juu ya turubai kwa rangi ya manjano, na kutoka hapa tunaona jinsi nyote wawili mnavyotabasamu.

Katika mwaliko tulikuandikia kwamba tuna ombi kuhusu turubai. Msaidizi wako akatupigia simu kuuliza kama tunataka kubwa zaidi. Tulinyamaza, Mheshimiwa, kwa kuhofia usije ukaghairi. Tusamehe. Kubwa zaidi hatulitaki. Tunataka hili ling'olewe leo hii, tena kabla ya alasiri, kwa sababu jioni Bi Mwanawetu anatakiwa alazwe hospitali, kesho aondolewe titi la kushoto. Naye ameapa kwamba hatoki mtaa huu huku turubai limesimama.

Yupo pale safu ya tatu, mwenye mtandio wa kijani. Usimpungie mkono, atakasirika. Lakini ili uelewe kwa nini mtu mzima aogope turubai kuliko kisu, itabidi tukusimulie tangu mwanzo, na wewe mwenyewe umo ndani.

HISTORIA YA KIKUNDI

Bi Mwanawetu ndiye mwenye mashine ya kusaga viungo nyuma ya magereji. Wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani zamani za wafalme, wakaoa, wakajenga, wakafundisha chuo cha Kurani, na mpaka leo ukoo wao haujakubali kwamba kuna mtu mwingine Kampala nzima anayejua kupika pilau. Ni mjane. Ulimi wake ni mkali kuliko pilipili anayosaga, na wateja wanamwogopa, ila hawahami.

Alipohisi uvimbe kwenye titi aliufanya siri yake. Alijiambia ni wa baridi, kisha akajiambia ni wa kubeba magunia. Mwisho akaenda hospitali, wakamtoa kipande kidogo cha nyama wakakipime. Asubuhi ya kwenda kuchukua majibu alimwambia mtu mmoja tu, shemeji yake, Bwana Fadhul: "Shemeji, wanasema huenda ikawa kansa. Usimwambie mtu."

Na kwa haki ya Mungu, Mheshimiwa, Fadhul hakumwambia mtu. Tunamshuhudia. Aliagiza turubai tu.

Tulipomhoji baadaye alijitetea hivi, na tunayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Banange, jamani, mimi nilisema amekufa? Sikusema! Lakini hii ni saa ya kampeni. Turubai ya Mheshimiwa inagombaniwa, leo iko Kasubi, kesho iko Kalerwe. Mimi nikasema wacha niweke jina mapema, ili siku yenyewe ikifika tusikae kwa jua. Sasa nani alijua watu yake watareta siku ile ile?"

Walilileta siku ile ile. Katika mtaa wetu takataka huchelewa kuzolewa na mifereji huchelewa kuzibuliwa, lakini turubai la mgombea wakati wa kura halijawahi kuchelewa. Vijana wako walilisimamisha mbele ya mlango wa Bi Mwanawetu, wakapanga viti, wakafunga kipaza sauti, wakaenda zao.

Basi nawe unaijua desturi yetu. Ukiona turubai na viti, unaketi. Huulizi. Kuuliza "Nani amefariki?" ni aibu kubwa, kwa maana unajitangaza kwamba hukuwa karibu na marehemu. Wa kwanza aliketi kwa heshima, wa pili aliketi kwa kuwa wa kwanza ameketi, na kabla jua halijapanda vizuri mtaa mzima ulikuwa umeinamisha vichwa. Wanawake wakaanza kulia jikoni. Masufuria yakaletwa. Kila mmoja wetu aliamini kwamba jirani yake ndiye anayejua. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Bi Mwanawetu na Bi Mwanawetu haonekani, hesabu ikajikamilisha yenyewe.

Yeye alirudi na bodaboda adhuhuri. Kijana aliyemleta akamwambia, "Pole, mama. Alikuwa ndugu yako?" Akaangalia mlango wake uliojaa watu, akaona msiba uko kwake, na katika nyumba ile hakai mtu mwingine. Lakini naye ni mtoto wa Kisenyi. Hakuuliza. Aliketi nyuma, akainamisha kichwa, akangoja aambiwe.

Ndipo ukafika, Mheshimiwa, ukashika kipaza sauti. Ulisema marehemu alikuwa mpole, mwenye subira, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Bi Mwanawetu anasema hapo alipumua, akajua mmekosea nyumba. Kisha ukataja jina lake.

Anakiri kwamba alikusikiliza mpaka mwisho, na kwamba ilikuwa tamu. Angekaa kimya mpaka dua ya mwisho kama sahani isingemfikia. Alionja tonge moja. Akasimama.

"Nani kapika hiki?" akauliza. "Matanga yangu mimi, halafu pilau haina bizari?"

Yaliyofuata unayakumbuka. Kuna waliokimbia, kuna waliozimia, na kuna mzee mmoja aliyeendelea kula. Wewe hukukimbia wala hukuachia kipaza sauti chako, tunakusifu kwa hilo. Ulisema, "Nyabo, mama yangu, kama ningejua utakuja, ningefupisha."

Lakini kuna jambo ambalo hulijui, na sisi wenyewe tulichelewa kulijua. Siku hiyo Bi Mwanawetu aliwapepea waliozimia, akawachemshia chai waliolia, akamshika bega jirani aliyekuwa akitetemeka na kumwambia, "Usiogope, mimi ni mzima." Mpaka magharibi alikuwa akiwafariji watu kwa kifo chake. Majibu ya hospitali yalikuwa kwenye mkoba wake, na yalikuwa yale aliyoyahofia. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikuwa ametoka wapi. Tunaona haya mpaka leo.

MAFANIKIO

Turubai halikuondoka. Bwana Fadhul alisema utaratibu wa ofisi yako ni kwamba turubai la msiba hurudi msiba ukiisha, na huu haujaanza, sasa utaishaje? Kivuli kikabaki bure. Mwanamke mmoja mwenye uvimbe akaja kumtazama Bi Mwanawetu, akaketi. Mwingine akaja. Wakaja na wa Kalerwe wanaouza nyanya, wakaja na wenzetu Wakristo kutoka Kenya, akiwamo dada Aoko, fundi cherehani, ambaye yeye alishaondolewa titi lake. Hivyo ndivyo kikundi kilivyozaliwa, na jina tulilipata kwa kumjibu kila aliyepita akiuliza kama tumekufa.

Hatukai bure. Tunawafundisha wanawake kujipapasa matiti na kukimbilia hospitali mapema, badala ya kungoja uvimbe uondoke kwa kuonewa haya. Mwenye zamu ya dawa ya mishipa haendi peke yake, na akirudi akitapika kuna wa kumshikia beseni. Nywele zikinyonyoka, tunafunga vilemba siku moja sote, wagonjwa na wazima, hata asijulikane nani ni nani. Mume wa mwenzetu mmoja aliwahi kumbeba mgongoni mgonjwa asiyekuwa wake mpaka kwenye ngazi za hospitali, na tukamsamehe, kwa kuwa vilemba vilifanana.

Dada Aoko naye ameshona matiti ya kitambaa kwa kila anayeyahitaji. La kwanza alilijaza mtama ili liwe na uzito wa haki. Lilipendeza. Mvua za masika zilipokuja, aliyelivaa akanyeshewa njiani, akalala nalo, na siku chache baadaye likaota. Tulicheka mpaka tukashikana mbavu, na mwenye titi ndiye aliyecheka zaidi. Siku hizi anajaza vipande vya pamba na kipande kidogo cha risasi ya kuzamishia nyavu, na kuku wameacha kutufuata.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa, Mheshimiwa, ni kwamba chini ya turubai lako hatuwezi kulia.

Tulijaribu. Siku za mwanzo mwenzetu mmoja alipata habari kwamba ugonjwa umemrudia, akalia hapa, na sisi tukalia naye. Kilio na turubai vikikutana Kisenyi, mtaa haungoji maelezo. Kabla hajamaliza kujipangusa machozi, watu walikuwa wameketi, mashekhe wawili wamefika, na mtu ameshaleta kuni. Ilibidi tuwapikie. Mwenyewe mwenye habari mbaya ndiye aliyekatakata vitunguu.

Kikao kikapitisha sheria: ni marufuku kulia turubaini. Tukasema tucheke. Tukacheka kwa nguvu kikao kizima, na jioni wakaja watu na ngoma na kanga mpya, wakauliza bibi harusi yuko wapi. Tangu hapo tunakutana tukiwa na nyuso za kati na kati, kama watu waliokaa kupigwa picha za pasipoti.

Nani aliumia zaidi? Bi Mwanawetu. Sisi wengine tulikuwa na makwetu pa kulilia. Yeye kwake ndiko hapa. Isitoshe, tulikuwa tumeshamgeuza sanamu. Watu walitoka mbali kumwona mama aliyefufuka kwa ajili ya bizari. Walimletea wagonjwa awashike mikono. Kila kiongozi wa dini na kila mwenye redio alimwita shujaa. Dawa zilipomlegeza akataka kulala, tulimwambia, "Aa, wewe tena? Wewe si ulikishinda kifo chenyewe?" Tulisema kwa mapenzi. Tulikuwa tunamfungia mlango.

Miezi ya karibuni mashine yake ilianza kusaga mchana kutwa. Tulifurahi, tukasema biashara imechangamka. Juzi dada Aoko akaenda kununua pilipili manga. Akakuta mashine inanguruma, mdomo wa mashine mtupu, hakuna hata punje, na Bi Mwanawetu ameketi nyuma yake juu ya gunia, uso umevimba.

"Unasaga nini, mama?" Aoko akauliza.

"Pilipili. Huoni macho yangu?"

"Mimi naona mashine haina kitu."

Bi Mwanawetu akasema, "Ikinguruma, hawanisikii."

Aoko akaizima. Mtaa wote ukasikia kimya kile, wateja wakadhani umeme umekatika. Akaketi kwenye gunia la pili.

"Kesho kutwa unaenda hospitali," akasema.

"Siendi."

"Ni kisu unaogopa? Kisu mimi nimepitia. Unalala, ukiamka umefungwa bandeji, unaumwa, unakasirikia kila mtu, halafu siku zinasonga. Nitakuwa hapo."

"Sio kisu, binti yangu." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Watanilaza usingizi. Mimi nitakuwa kule sijijui, na huku turubai limesimama mlangoni kwangu, na viti vimepangwa, na mnavyojua kuketi nyinyi! Nikichelewa kuamka kidogo tu, mtakuwa mmeshakula. Na safari hii nikirudi nitaogopa kuwakatizia. Nimechoka kufufuka. Nataka niwe mgonjwa. Naogopa sana, Aoko, na hakuna mahali pa kuogopea."

Dada Aoko ni mtu wa maneno mengi, mnamjua. Lakini siku hiyo hakumwambia ajikaze. Hakumwambia wapo walioumwa zaidi. Alimshika mkono, wakalia wote wawili mchana kweupe, mashine imezimwa. Na kwa kuwa dukani hakuna turubai, hakuna mtu aliyekuja kuketi.

Mheshimiwa, tuliposimuliwa hayo tuliumia. Tulikuwa tunadhani ushujaa ni kutabasamu. Tukajiona jinsi tulivyomchosha mwenzetu kuliko dawa zilivyomchosha.

MAOMBI

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba yafuatayo, na tunaomba uyakubali ukiwa umeketi hapo hapo, kwa sababu gari la kwenda hospitali limeshafika.

Tunaomba turubai hili liondoke. Tunajua lina picha yako, tunajua kura ziko karibu, na tunajua hakuna mahali pengine Kisenyi ambapo uso wako unaonekana mpaka kwenye ghorofa za maduka. Picha tutakukatia vizuri kwa mkasi wa dada Aoko, tutaibandika ukutani kwenye gereji, na tutakupigia kura wale ambao tunataka kukupigia.

Tunaomba pia uyarudishe maneno yako. Ulimzika kwa kipaza sauti hicho, mbele ya watu hawa, na watu wa Kisenyi kitu kikishasemwa kwa kipaza sauti hukiamini mpaka kisemwe kingine. Sema kwamba Bi Mwanawetu hajafa. Sema kwamba si mpole, hana subira, na sauti yake tunaisikia mpaka msikitini. Sema kwamba ni mgonjwa, na kwamba mgonjwa ana haki ya kuumwa. Usimwite shujaa. Akipona tutamwita wenyewe, kwa ruhusa yake.

Tunawaomba na ndugu zetu wa mtaa, walioko nyuma wakinusa masufuria. Mkimsikia mwanamke analia katika kikundi hiki, msilete kuni. Msiseme "jikaze." Kama mna nafasi, kaeni karibu naye. Kama hamna, piteni salama, na msalimieni.

Bwana Fadhul ameomba nafasi ya kusema, nasi tumemnyima. Badala yake amekubali kufungua kamba. Alianza tulipofika kwenye historia, ndiyo maana nguzo ya upande wako imekuwa ikiyumba na ukawa unatutazama kwa wasiwasi. Sasa imebaki kamba moja, ameishika mkononi, na mkono wenyewe umeanza kuchoka. Tunaomba usimame, Mheshimiwa, usogee huku kwetu juani.

HITIMISHO

Ratiba inasema baada ya risala ni hotuba ya mgeni rasmi. Hiyo tumeifuta, isipokuwa yale maneno tuliyokuomba uyarudishe, na uyaseme kwa ufupi. Chakula ni chako na cha wapita njia. Kina bizari, amekitia yeye mwenyewe alfajiri. Sisi hatutakuwapo. Tunaondoka sote na Bi Mwanawetu, hata tusiokuwa na nafasi garini tutakwenda kwa miguu, na tutakaa kwenye ngazi za wodi mpaka aamke. Wauguzi wakituuliza tumekuja kufanya nini, tutawaambia tumekuja kuogopa.

Na kwa wale mnaogeuza shingo kutazama safu ya tatu: ndiyo, analia. Amelia tangu tulipofika kwenye mashine. Hakuna aliyekufa. Mwacheni alie.

Mwenyezi Mungu akupe uzima, Mheshimiwa, akupe na kura zako kama zina heri. Na ikifika siku yako ya kuogopa, kwa kuwa itafika, akupe watu wa kuogopa pamoja nawe.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake cha Bado Tupo,
Kisenyi, Kampala.

Imesomwa kwa niaba ya wote na Raisa, katibu, ambaye pia ana miadi ya hospitali wiki ijayo, na leo ndiyo mara ya kwanza anamwambia mtu.